Gofu la Colosseum: Kutengeneza Pasipo Kudanganya

Katika vitabu vingi vya historia vitumikavyo mashuleni mna picha ya jengo la mviringo lenye matao mengi, ambalo upande mmoja limesimama ghorofa nne na upande wa pili limeshuka hata kufikia ghorofa mbili. Chini ya picha huandikwa kwamba hilo ni Colosseum la mji wa Roma. Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake mbona jengo hilo lina umbo la kikombe kilichovunjika mdomo, wengi hujibu kwamba limezeeka. Jibu hilo ni kweli nusu. Majengo ya mawe hayafi kwa uzee peke yake. Huangushwa na matetemeko, na maji, na mizizi, na zaidi ya yote na mikono ya watu. Na yakisalia, husalia kwa kuwa walikuwako watu walioamua yasalie. Hapa twataka kueleza habari za watu hao: waliyoyatengeneza, waliyoyaharibu huku wakidhani wanatengeneza, na jinsi walivyohangaika kuufungua mlango ili wageni waingie bila ya kuliua jengo wanalokuja kulitazama.

Kwanza yafaa tulijue jengo lenyewe. Kaisari Nero alipokufa mwaka 68 baada ya Kristo, aliacha katikati ya mji makao makubwa ya anasa yaliyokuwa yamemeza mitaa ya raia, pamoja na ziwa lililochimbwa kwa mikono. Vespasian, aliyetwaa utawala baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alilikausha ziwa hilo na mahali pake akaanza kujenga uwanja wa michezo kwa ajili ya umma. Kilichokuwa starehe ya mtu mmoja kikawa cha mji mzima. Hiyo ndiyo hoja aliyotaka raia waione kila wapitapo. Fedha zilitoka katika ngawira ya vita vya Uyahudi, ambamo Yerusalemu ulitekwa na hekalu lake kuteketezwa mwaka 70. Vespasian alifariki mwaka 79 kabla kazi haijakwisha, na mwanawe Titus ndiye aliyelizindua jengo mwaka 80 kwa michezo iliyoendelea siku 100. Warumi wenyewe walilifahamu kama uwanja wa ukoo wa Flavius. Jina la Colosseum lilikuja baadaye sana, na asili yake ni sanamu kubwa mno ya Nero iliyosimama jirani.

Tumetumia neno "michezo" kwa sababu ndivyo walivyoiita. Ukweli ni kwamba humo watu walichinjana mbele ya watu, wahalifu na mateka waliraruliwa na wanyama, na wanyama wenyewe waliuawa kwa maelfu. Simba, chui na tembo walikamatwa Afrika ya Kaskazini, wakapakiwa merikebuni na kuvushwa bahari ili wafe kwa alasiri moja. Watazamaji nao walikaa kwa daraja zao: maseneta mbele, karibu na mchanga, na kadiri ulivyopanda ndivyo cheo kilivyoshuka, hata juu kabisa walikokaa wanawake na maskini. Mwanafunzi anayeweza kuchora mpango wa viti vile amekwisha kuchora jamii ya Kirumi. Basi tukilisifu jengo hili, twausifu ufundi wake; hatuyasifu yaliyotendeka ndani yake.

Na ufundi upo. Jengo lina urefu wa mita 188, upana wa mita 156, na ukuta wake wa nje una kimo cha karibu mita 48. Lilikuwa na milango 80, na 76 kati yake ilichongwa namba juu ya tao, ili kila mwenye kibali ajue aingilie wapi na apande ngazi ipi. Kwa njia hiyo watu wapatao 50,000 waliweza kuingia na kutoka pasipo kukanyagana, jambo ambalo viwanja vingi vya siku zetu hupata taabu kulitimiza. Ukuta wa nje ulijengwa kwa travertino, jiwe jeupe lililochimbwa karibu na Tivoli. Mawe hayo hayakushikanishwa kwa chokaa. Yalipangwa moja juu ya jingine, yakabanwa kwa vibanio vya chuma. Inakadiriwa kwamba vibanio hivyo vilikuwa na uzito wa tani 300. Ndani, dari za matao zilimiminwa kwa zege la Kirumi, na msingi nao ulikuwa pete nene ya zege. Tukumbuke vibanio hivyo vya chuma na ardhi ile ya ziwa lililokaushwa, maana vyote viwili vina sehemu yake katika habari zinazofuata.

Mapigano ya watu yalikoma katika karne ya tano, na mawindo ya wanyama yakadumu hadi karne ya sita. Tangu hapo hapakuwa na mwenye jengo. Watu walifanya makazi na karakana chini ya matao. Ukoo wa kikabaila wa Frangipane uliligeuza kuwa ngome. Kisha likaja tetemeko la mwaka 1349. Upande wa kaskazini jengo limekaa juu ya ardhi ngumu. Upande wa kusini limekaa juu ya udongo laini ulioletwa na maji. Ardhi ilipotikisika, udongo ule laini ulitikisika zaidi, na ukuta wa nje wa kusini ukaporomoka. Hiyo ndiyo sababu ya mdomo uliovunjika ambao wanafunzi huuona pichani. Leo ni matao 31 tu kati ya 80 ya ukuta wa nje yanayosimama.

Mawe yaliyoanguka yalifanya kilima, na kilima hicho kikawa machimbo. Kwa muda wa karne tatu na zaidi, aliyetaka jiwe zuri la kujengea alikwenda Colosseum. Katika mwaka wa 1452, wakati wa Papa Nicholas V, mkandarasi mmoja aliondoa zaidi ya mikokoteni 2,500 ya travertino katika miezi tisa tu. Majumba ya wakuu na makanisa ya Roma yana mawe hayo mwilini mwao. Hata yale ambayo hayakuanguka hayakuachwa: chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo watu waliparamia kuta na kutoboa kila palipodhaniwa pana kibanio, wakakichomoa. Matundu yaliyosalia yameenea ukuta mzima kama makovu ya ndui. Wageni wengi hudhani ni matundu ya risasi za bunduki. Kwa kweli ni nyaraka: yatueleza kwamba kulikuwa na wakati ambapo kilo chache za chuma zilikuwa na thamani kuliko jengo zima.

Aliyeukomesha uchimbaji huo hakuwa msanifu wala mwanachuo. Alikuwa Papa Benedict XIV, ambaye katikati ya karne ya 18 alilitangaza Colosseum kuwa mahali patakatifu pa mashahidi wa Kikristo, akasimamisha humo vituo vya Njia ya Msalaba. Wanahistoria hawajapata ushahidi thabiti kwamba Wakristo waliuawa kwa ajili ya imani yao katika uwanja huu hasa, ijapokuwa waliteswa katika mahali pengine pengi pa dola ya Kirumi. Hata hivyo, imani hiyo ndiyo iliyoliokoa jengo. Mwashi asiyeogopa sheria aliogopa kung'oa jiwe lililobarikiwa. Yafaa walimu wasipite haraka juu ya jambo hili, kwa kuwa hata katika pwani yetu kuna magofu kadhaa yaliyosalimika kwa sababu watu wa jirani waliyaheshimu kama makaburi au mizimu, muda mrefu kabla ya kuwapo sheria ya mambo ya kale.

Sasa tumefikia kazi mbili ambazo, kwa maoni yetu, zastahili kufundishwa katika kila darasa linalozungumzia uhifadhi.

Mwanzoni mwa karne ya 19, ncha ya mashariki ya ukuta wa nje, pale ulipokatika, ilikuwa imeanza kuinama. Pete ikikatwa, ncha zake hazina tena kitu cha kuzishikilia. Kila tao lasukuma mwenzake kuelekea pale penye uwazi. Mawe ya matao ya mwisho yalikuwa yamekwisha kuteleza, mengine yamening'inia nusu nje ya nafasi yake. Katika miaka ya 1806 na 1807, chini ya Papa Pius VII, msanifu Raffaele Stern pamoja na wenzake walijenga mbele ya ncha hiyo egemeo kubwa la matofali, kisha wakayaziba kwa matofali matao yaliyokuwa yakivunjika. Jambo la kustaajabisha ni hili: hawakuyarudisha mawe mahali pake. Waliyafungia ndani ya matofali vilevile walivyoyakuta, yamepinda, yameachana, yako njiani kuanguka. Mtu akisimama chini leo na kutazama juu, huona tetemeko na uzito wa karne nyingi vimesimamishwa katikati ya tendo. Egemeo lenyewe ni ukuta mtupu, mzito, usio na pambo lolote. Halijifanyi kuwa la Kirumi.

Yapata miaka ishirini baadaye ncha ya magharibi nayo ilihitaji msaada, na kazi akapewa Giuseppe Valadier, aliyeikamilisha mwaka 1826. Yeye alifuata njia nyingine kabisa. Alijenga matao mapya yanayoendeleza yale ya kale, ghorofa kwa ghorofa, yakishuka kama ngazi hata kufikia ardhini, na nguzo-nusu zake, na mikanda yake, kwa vipimo vilevile vya mafundi wa Vespasian. Ila travertino aliitumia kwa sehemu chache. Zilizosalia alizijenga kwa matofali. Kwa hiyo mtu aliye mbali huona ukuta unaendelea kwa utaratibu, na mtu anayesogea hugundua mara moja mahali kazi ya kale inapokoma na ile mpya inapoanza. Katika miaka hiyohiyo Valadier alikuwa amelitengeneza Tao la Titus, lililo hatua chache tu kutoka hapo, kwa kanuni iyo hiyo: sehemu zilizopotea za marumaru alizijaza kwa travertino, na mapambo akayaacha bila kuchongwa kwa utondoti.

Ni yupi kati yao aliyefanya vema zaidi? Tumelijadili swali hili mara nyingi, na majibu hutofautiana kwa kadiri ya anayejibu. Kazi ya Valadier humsaidia mgeni kulielewa jengo: jicho lake laweza kuifuata pete na kuikamilisha lenyewe. Kazi ya Stern humsaidia kuelewa yaliyolipata jengo. Ya kwanza inapendeza, ya pili inatisha kidogo. Sisi twaelekea upande wa Stern, ingawa twakiri kwamba kama kazi zote zingefanywa kwa namna yake, Colosseum leo lingekuwa rundo la matofali lenye vipande vya kale ndani yake. Yatosha kusema kwamba wote wawili walikataa jambo moja: kutengeneza cha leo kikapewa sura ya jana hata mtazamaji asiweze kutofautisha. Kanuni hiyo ilingojea mwaka 1964 ndipo ikaandikwa, wataalamu wa mataifa mbalimbali walipokutana Venice na kukubaliana kwamba kinachoongezwa katika jengo la kale kipatane na kilichopo lakini kitambulikane kuwa ni kipya, na kwamba kazi ya kutengeneza ikome pale ambapo kukisia kunaanza.

Kipindi kilichofuata hakikuwa na busara hiyo kila wakati. Mnamo 1855 daktari wa Kiingereza, Richard Deakin, alichapisha kitabu kuhusu mimea iliyoota katika gofu hilo, naye alihesabu aina 420. Wachoraji na washairi walilipenda likiwa limefunikwa na majani. Lakini mizizi hupenya penye ufa na kuupanua, na baada ya Roma kuunganishwa na dola mpya ya Italia mwaka 1870, mimea iling'olewa. Muda mfupi baadaye mwanaakiolojia Pietro Rosa alianza kuchimba uwanja wa kati, na ili achimbe akaviondoa vituo vya Njia ya Msalaba pamoja na msalaba uliosimama katikati. Waumini walilalamika sana. Kwa wachimbaji, historia ya jengo ilikuwa ile ya makaisari. Kwa waumini, ilikuwa ile ya mashahidi. Na kwa waliokuwa wakija jioni kutazama majani yakiota juu ya kuta, ilikuwa nyingine tena. Msalaba ulirudishwa mwaka 1926, nao ungali hapo, pembeni mwa uwanja.

Uchimbaji huo ulifunua maajabu. Chini ya sakafu ya mbao iliyokuwa imetandazwa mchanga kulikuwa na ghorofa nzima ya njia nyembamba, vyumba na mitambo, iliyoongezwa na Domitian, nduguye Titus. Humo ndimo wanyama na watu waliofungwa walimongojea zamu yao gizani. Vizimba vilipandishwa kwa kamba na roda, zikivutwa na watu waliozungusha nguzo za mbao. Mlango wa sakafu ulifunguka, na chui akatokea mbele ya halaiki kana kwamba ameota kutoka mchangani. Mwaka 2015 mtambo mmoja wa namna hiyo uliundwa upya kwa mbao na kuwekwa mahali pake, ili wageni wauone jinsi ulivyofanya kazi. Kuna waliolalamika kwamba huo ni mchezo wa kuigiza. Twadhani walikosea. Mtambo ule haukuziba kitu, waweza kuondolewa, na kwa mwanafunzi una maana kuliko kurasa kumi za maelezo.

Bali kufunua ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ilisahauliwa. Rosa alipochimba, maji yalijaa, maana mabonde husahau polepole kwamba yalikuwa maziwa. Ilibidi mfereji wa kale uzibuliwe kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ghorofa yote ya chini ikaachwa wazi. Kuta zilizojengwa ziwe chini ya paa zilianza kupigwa na mvua na jua, na majani yakarudi. Uwanja wenyewe ulitoweka: mgeni aliyeingia aliona handaki lililokatwakatwa, asielewe watu walipigania wapi.

Ni wakati huohuo ambapo utawala wa Mussolini ulijitwalia gofu hili kwa makusudi yake. Mwaka 1932 ilifunguliwa barabara pana iliyonyooka kutoka uwanja wa Venezia hadi Colosseum. Ili ipite, mitaa ya watu ilibomolewa, wakazi wakahamishiwa pembezoni mwa mji, na kilima cha Velia kikakatwa pamoja na mabaki yote ya kale yaliyokuwamo. Ilisemwa kwamba watu sasa wataweza kuliona Colosseum vizuri. Ni kweli walikuja kuliona: waliliona nyuma ya majeshi yakipiga gwaride. Na baada ya vita, barabara ile ikawa mto wa magari, na moshi wao ukaupaka ukuta wa kaskazini ganda jeusi. Mpaka mwaka 2013 ndipo magari ya watu binafsi yalipoanza kuzuiwa katika sehemu ya barabara hiyo iliyo karibu na jengo.

Usafishaji wa ganda hilo ulianza mwaka huohuo wa 2013. Mafundi walisimamisha viunzi vya chuma, wakanyunyizia ukuta maji safi yaliyovunjwavunjwa kuwa ukungu, pasipo dawa kali, kisha wakasugua kwa brashi, kipande baada ya kipande. Kazi hiyo huenda polepole mno. Ukizidisha maji, jiwe hunywa. Ukizidisha nguvu, huondoi uchafu peke yake bali na uso wa jiwe lenyewe. Wakati wa kusafisha, matundu ya vibanio hayakuzibwa ili ukuta uwe laini. Ukuta uliosafishwa ulizinduliwa katikati ya mwaka 2016, nao ulionyesha rangi ya asali ambayo wakazi wengi wa Roma hawakuwahi kuiona maishani mwao.

Gharama zilikuwa na ubishi wake. Serikali ya Italia haikuwa na fedha za kutosha, na mwaka 2011 mfanyabiashara wa viatu, Diego Della Valle, kwa jina la kampuni yake ya Tod's, aliahidi euro milioni 25. Wapo walioshangilia. Wapo waliouliza ni haki gani kampuni hiyo itapata juu ya sura na jina la jengo, na shauri likafika mahakamani kabla kazi haijaanza. Swali lenyewe lilikuwa la haki, hata kama mtoaji alikuwa na nia njema: mali ya umma ikitengenezwa kwa fedha za mtu, je, yabaki ya umma kwa kiasi kilekile? Sisi ambao magofu yetu mengi hutengenezwa kwa misaada ya nje tusilione swali hilo kuwa la Wataliana peke yao.

Na hapa inafaa tuseme neno juu ya uhusiano wa mji huo na kazi za kwetu. Tangu mwaka 1959 Roma imekuwa makao ya ICCROM, chombo cha kimataifa cha mafunzo ya uhifadhi kilichoanzishwa kwa uamuzi wa UNESCO. Kati ya mwaka 1986 na 2000 chombo hicho kiliendesha mpango wa kuwafunza wafanyakazi wa makumbusho ya Afrika iliyo kusini ya Sahara, na kutokana na juhudi hizo kulizaliwa kituo cha mafunzo mjini Mombasa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 na kutolewa humo mwaka 2014, baada ya kuta kuimarishwa kwa chokaa na ufuo kukingwa na mawimbi. Matumbawe si travertino. Hata hivyo fundi wa Kilwa anayeamua aache ufa uonekane au auzibe analikabili lile lile lililomkabili Stern. Na kwamba kuchelewa kuna gharama yake, tulilijua mwaka 2020 huko Unguja, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka.

Turudi Roma, kwenye ghorofa ile ya chini. Sehemu yake ilifunguliwa kwa wageni mwaka 2010, lakini kuta zilikuwa dhaifu. Kati ya mwaka 2018 na 2021 wataalamu zaidi ya 80, miongoni mwao waashi, wanaakiolojia, wahandisi na wanabiolojia, walizikagua na kuziimarisha kuta, wakaondoa mimea na chumvi, na kuchora ramani ya kila tundu na kila mchubuko wa kamba. Juni 2021 ilifunguliwa njia ya mbao yenye urefu wa mita 160, iliyoinuliwa juu ya ardhi ili miguu ya wageni isiguse sakafu ya kale. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kupita pale walipopita wale waliokuwa wakienda kufa. Aliyezoea kulitazama jengo kutoka viti vya juu, mahali pa watazamaji, sasa alilitazama kutoka chini, na mtoto yeyote huona mara moja kwamba si jengo lile lile.

Kuhusu kupanda juu, kulikuwa na tatizo jingine. Ngazi za Kirumi ni kali, nyingine zina vidato virefu hata kijana huhema. Mwenye kiti cha magurudumu, mzee, mama mwenye mtoto mchanga, wote walibaki chini. Ghorofa za juu kabisa, zilizofungwa kwa miaka 40 hivi, zilifunguliwa mwaka 2017 kwa wenye miguu imara. Desemba 2023 ikazinduliwa lifti ya chuma na vioo iwapandishayo wageni kwenda juu. Wapenda mambo ya kale walinung'unika kwamba chuma na vioo haviko mahali pake. Lakini jengo lililopewa milango 80 ili umma wote uingie halikosewi heshima kwa kuongezewa mlango mmoja.

Tofauti ni kwamba zamani halaiki ilikuja kwa siku chache, na sasa huja kila siku. Jengo lililochukua watu 50,000 liliwekewa kikomo cha watu 3,000 kwa wakati mmoja, kwa ajili ya usalama wa mawe na wa watu. Mwaka 2023 hifadhi inayolisimamia, pamoja na magofu jirani, ilipokea wageni zaidi ya milioni 12, na tangu Oktoba ya mwaka huo tikiti zikaanza kuandikwa majina ili kuwazuia walanguzi. Mwaka huohuo mtalii mmoja alionekana akichora majina ukutani kwa ufunguo, na hasira zikaenea dunia nzima. Mwanafunzi mwerevu aweza kuuliza hapa: mbona basi michoro ya wapiganaji iliyokwaruzwa kwenye viti na watazamaji wa Kirumi inahifadhiwa? Mwalimu asimkemee. Swali hilo ni gumu, na jibu lake huanza kwa kukiri kwamba ile ya kwanza haiwezi kuongezeka tena, na ile ya pili, isipozuiwa, itaumaliza ukuta.

Ubishi wa mwisho ni juu ya sakafu. Mwaka 2000 sehemu ndogo ya uwanja ilikuwa imerudishiwa sakafu, na Waigizaji wa Taifa wa Ugiriki wakaigiza humo. Mwaka 2014 mwanaakiolojia Daniele Manacorda alipendekeza sakafu yote irudishwe. Mwaka 2021 serikali ilitangaza usanifu ulioshinda: vipande vya mbao vinavyoweza kuzungushwa ili mwanga na hewa vifike chini, na vinavyoweza kuondolewa vyote bila kuacha alama, kwa makadirio ya euro milioni 18.5. Wanaoiunga mkono wanasema kwamba sakafu itazikinga na mvua kuta za chini na kuurudisha uwanja machoni pa wageni. Wanaoipinga wanahofu kwamba sakafu ikiwapo, watafuata wenye maonyesho, na nyuma yao wenye biashara. Sisi twaona hoja ya mvua ina uzito kuliko zote, na kwamba kinachoweza kuondolewa chaweza kujaribiwa. Ila hofu ile nyingine haifai kuchekwa, kwa kuwa jengo hili limekwisha kuona mara moja sakafu ilivyoweza kutumiwa.

Msomaji atakayebahatika kufika Roma hahitaji tikiti ili aione kazi tuliyoipenda zaidi. Aende upande wa mashariki, asimame barabarani, anyanyue macho kwenye matao yaliyozibwa. Ataliona jiwe lililoteleza kutoka kileleni mwa tao, limeshikwa na matofali ya mwaka 1807, bado halijafika chini.